Neno Lililotupeleka Gauche

Kwetu Kisangani, kushoto ni mahali. Mtu akikuambia anaenda gauche, yaani kushoto kwa Kifaransa, humuulizi ni kushoto kwa nini. Unajua anavuka mto kwenda Lubunga, ukingo ule ambako reli ya Ubundu inaanzia. Wanaokaa kule ni watu wa gauche, mihogo yao ni mihogo ya gauche, na hata mvua ikianzia upande ule tunasema inatoka gauche. Nilikuwa mtu mzima kabla sijatambua kwamba watu wengine duniani wanalitumia neno hilo kwa mkono tu.

Naanza na hilo kwa sababu bila hilo kosa letu litaonekana la kijinga. Halikuwa la kijinga. Kila neno lilikaa mahali pake, na ndiyo maana tuliliamini.

Ilikuwa miaka ya vita, wakati majeshi ya kigeni yalikuwa yamekaa mjini mwetu na kila njia ilikuwa na kizuizi chake. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwaka wa nne wa sekondari. Shule ilifunguliwa Jumatatu na kufungwa Jumatano, kulingana na milio ya bunduki. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ameteremka na mtumbwi kwenda kwao Basoko, na hakurudi. Hivyo Kiingereza cha mtaa mzima kilibaki mikononi mwangu. Siyo kwamba nilikijua. Nilikuwa na kamusi: kakitabu ka mfukoni ka Kiingereza na Kifaransa, bila jalada, kalikoanzia herufi B, kwa kuwa kurasa za mwanzo muuzaji wake alikuwa amefungia karanga. Nilikapenda sana. Jioni nililala juu ya mkeka nikisoma maneno ya watu nisiowajua kama mtu anayechungulia madirishani.

Nyumbani tulikuwa watatu: papa, mimi, na tonton, mdogo wake mama, aliyetengeneza baiskeli mbele ya nyumba na kumtania kila mpita njia. Mama alikuwa Ubundu. Alikwenda kumchukua koko, yaani bibi yangu, mama yake mzazi, asije akabaki peke yake vita ikifika kule. Koko alikuwa mgonjwa wa moyo. Kila asubuhi alimeza kidonge kimoja cheupe, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba siku akikosa, asitegemee siku nyingi. Mama alibeba vidonge vya mwezi mmoja, akidhani wiki moja itamtosha kwenda na kurudi. Treni iliyompeleka haikurudi. Siku ziliposogea kuelekea ishirini na tano, papa alizunguka kila famasi ya mjini akapata pakiti moja tu ya dawa ile, ya mwisho. Akaiweka juu ya kabati. Kila mmoja wetu akiingia chumbani aliitazama. Dawa ilikuwa kwetu, koko alikuwa hatujui wapi.

Jumanne moja asubuhi alifika mwanamume mwenye baiskeli iliyofungwa madumu ya mafuta ya mawese, mguu wake umezungushiwa bandeji safi. Alikuwa mmoja wa wale wanaosukuma mizigo kutoka Ubundu kwa njia ya kandokando ya reli. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Ni munganga moja ya Ubundu alinipa. Muzungu mupya. Swahili hajue, Lingala hajue, Français zéro. Alinifunga kidonda, akaandika, akanionyesha adresse yenu kwa fishi, ile kadi ya hospitali. Ilikuwa siku ya Mungu asubuhi. Mi nilikuwa nimelala kule usiku moja tu. Sijue kitu ingine, papa, usiniulize."

Papa alimpa maji, akamuuliza hata hivyo. Hakujua kitu kingine zaidi ya hiyo siku ya Mungu, yaani Jumapili.

"Kuja hapa, anglaise," tonton akaniita, yaani mwanamke wa Kiingereza.

Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, kama mtu anayepaza sauti ili kiziwi asikie:

MOTHER LEFT SATURDAY. GRANDMOTHER LEFT WITH SISTERS. MEDICINE LEFT FOR FIVE DAYS. PLEASE COME.

Maneno mengi niliyajua. Mother ni mama, grandmother ni koko, medicine ni dawa, sisters ni masista. Neno moja tu lilirudi mara tatu, na hilo nalo nililijua tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu mwalimu wetu alitutembeza uani akipiga makofi: left, right, left, right. Hata hivyo nilifungua kamusi, kwa heshima ya shughuli. Neno lilikuwepo, na mbele yake neno moja tu la Kifaransa: gauche.

"Mama, gauche, samedi," nikasoma polepole. "Koko, gauche, na bamasista. Dawa, gauche, kwa siku tano. Tafadhali mukuje."

Tonton alikuna kichwa. "Dada yangu amekuwa mukomunisti? Tangu siku ya posho?" Siku ya posho kwetu ni Jumamosi, na katika siasa watu wa gauche ni wakomunisti.

"Nyamaza," papa akasema. Kisha akasimama ghafla hata kiti kikaanguka. "Gauche! Mutoto, soma tena. Gauche! Iko Lubunga! Wamefika!"

Nilisoma tena, na kweli, kila kitu kikajipanga. Mama alifika ukingo wa kushoto Jumamosi. Koko yuko ukingo wa kushoto kwa masista, na huko Lubunga masista walikuwepo, tuliwajua. Dawa iko ukingo wa kushoto, ya siku tano. Njooni. Na kwa nini hawakuvuka? Kwa sababu tangu Ijumaa askari walikuwa wamezuia mitumbwi yote, na ilikuwa imeruhusiwa tena asubuhi ileile. Nani angeweza kutunga maelezo mazuri zaidi? Kwamba mtu aliyeandika Ubundu Jumapili hangeweza kujua nani amefika Lubunga, hilo halikumpitia yeyote kichwani. Papa alinishika kichwa kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akasema: "Pesa ya shule haikupotea."

Alifunga pakiti ya dawa ndani ya leso, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Tonton alichukua baiskeli yake nzuri ili koko asitembee kwa miguu kutoka bandarini. Tukavuka, sisi watatu na baiskeli, mtumbwi ukikaa chini majini, na tonton akimwambia mpiga kasia kwamba anaenda kumchukua mchumba wake wa miaka sabini na miwili.

Kwa masista wa Lubunga tulimkuta mmoja anaanika mihogo. Alitusikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Mama gani?" akauliza. "Koko gani? Tangu wiki yenye kupita, hakuna mugonjwa alitoka Ubundu."

Papa alimwonyesha karatasi. Sista aliisoma kwa Kifaransa chake, akatikisa kichwa, akasema pengine ni masista wengine. Tulikwenda kituo cha treni. Mbuzi walikuwa wamelala kati ya reli. Tulikwenda hospitali ndogo, tukaenda kwenye nyumba ya mtu wa ukoo wa papa, tukaenda mpaka kwa Waislamu wa sokoni ambao husikia habari zote za wasafiri kabla ya polisi. Hakuna. Jua liliposogea nikaanza kutembea nyuma yao kidogo, karatasi mkononi, nikiyasoma yale maneno kama yataongezeka.

Saa kumi alasiri tulirudi bandarini. Pale palikuwa na kizuizi, na askari mmoja wa kigeni, mmoja wa wale waliotoka mashariki, amekaa juu ya pipa tupu la mafuta. Akaona karatasi yangu.

"Binti, hiyo ni nini? Lete."

Siku zile mtu aliweza kupotea kwa sababu ya karatasi isiyo na mhuri, sembuse yenye lugha ya jeshi moja na siyo ya jingine. Lakini ilikuwa imeshaonekana. Nikampa.

"Nani ameandika?"

"Munganga wa Ubundu, afande. Tunatafuta mama na koko. Imeandikwa wako hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa gauche. Left."

Alisoma, midomo ikicheza. Kisha akacheka, akawaita wenzake wawili waje wasikie, na hao nao wakacheka. Papa alitazama mto.

"Mzee," askari akasema akifuta macho, "hakuna kushoto hapa. Hii left ni kuondoka. Mama aliondoka Jumamosi. Aliondoka Ubundu, umeelewa? Nani amewafundisha kusoma hivi?"

Papa hakunionyesha kidole. Tonton ndiye aliyesema, "Munglaise wetu," na hata yeye hakusema kwa utani.

Nilitamani ardhi inimeze, lakini nakiri kwamba papo hapo, chini ya aibu, kitu kingine kiliinua kichwa. Nilitaka kujua. "Afande, left si mukono wa kushoto?"

"Ndiyo. Na kuondoka pia."

"Neno moja?"

"Moja. Nilipotoka kwetu, I left." Akarudi kwenye karatasi. "Bibi aliondoka na masista. Dawa iliondoka kwa siku..." Akasoma tena. Cheko likamtoka usoni taratibu. "Hapana. Hii ya tatu si kuondoka. Hii ni kubaki. Dawa imebaki ya siku tano."

"Kubaki?" papa akauliza. "Ile ile?"

"Ile ile, mzee. Kilichobaki tunasema left. Kikosi chetu tulikuja arobaini. Ukiniuliza tuko wangapi, nitakujibu hivyohivyo." Hakutuambia hesabu.

Nimeishi katika miji saba tangu wakati ule, mingine kwa kazi, mingine bila sababu ninayoweza kuitaja, na nimelisikia neno lile likibeba mizigo ya kila aina. Nairobi niliwasikia vijana wakisema fulani "amelefti" anapojitoa katika kundi la simu, nikacheka peke yangu dukani hadi muuzaji akaniuliza kama niko salama. Bado sijapata kushangaa kama siku ile. Kwenda na kubaki, neno moja! Ni watu gani hawa, nilijiuliza, wanaokubali kuishi na jambo kama hilo? Nikasema kwa sauti kwamba lugha ile ina wazimu.

"Na lobi?" tonton akasema.

Kwa Lingala, lugha tunayoisema mtaani kutwa nzima, lobi ni jana na lobi ni kesho, na sijawahi kumwona mtu wa Kisangani aliyekosa miadi kwa ajili hiyo. Tunasikiliza maneno mengine yaliyokaa karibu yake, basi.

Papa alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole. Karatasi iliandikwa Jumapili. Siku tano: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Leo Jumanne inakwisha.

"Koko iko wapi, afande?" akauliza. "Alienda ao alibakia?"

Askari aliishika karatasi karibu na macho, kama vile jibu lilikuwa limeandikwa dogo. "Hapa, mzee, hata mimi... Inaweza kuwa aliondoka pamoja na masista. Inaweza kuwa ameachwa kwa masista. Maneno ni yale yale." Akamrudishia. "Na mimi nawaambia kitu kimoja. Kama mnavuka, vukeni sasa. Kesho hakuna mtumbwi, ni amri."

Basi ikawa hivi. Kama koko aliondoka na masista, wangemleta kwenye nyumba yao kubwa ya mjini, upande wetu, na dawa ilipaswa kuvuka mto sasa hivi imsubiri kule. Kama aliachwa Ubundu, dawa ilipaswa kwenda Ubundu, zaidi ya kilomita mia moja za njia ya matope, na ilipaswa kwenda kutoka hapa tuliposimama. Pakiti ilikuwa moja. Mpiga kasia wa mwisho alikuwa akituita.

"Tunavuka," papa akasema. "Tunamungojea kwa masista. Bamasista hawawezi kuacha mugonjwa nyuma."

"Papa," nikasema.

"Wewe!" Aligeuka kwa ukali ambao sikuujua kwake. "Asubuhi ulisema gauche. Sisi wote tukakufuata gauche. Sasa unataka kusema nini tena?"

Kamusi ilikuwa mfukoni na haikuwa na msaada. Lakini ile sentensi ya tatu ilikuwa inanisumbua tangu askari alipoisoma mara ya pili.

"Papa, mutu akienda safari, dawa yake inaenda naye. Kama koko alitoka na bamasista, vidonge viko kwa mufuko wake, viko njiani. Huyu munganga anahesabu vidonge vya nani? Anaviona. Koko iko mbele yake. Na anasema mukuje. Tukuje wapi, kama koko haiko kule?"

Papa alinitazama. Mpiga kasia akaita tena, akaanza kusukuma. Nilifikiri papa angeuliza swali jingine, au angemwomba askari asome mara ya nne. Badala yake alitia mkono ndani ya koti, akatoa leso, akamkabidhi tonton.

"Uko na pompe ya baiskeli?" akamuuliza.

"Niko nayo, beau-frère," akamjibu shemeji yake.

"Na dada yako aliondoka siku ya posho. Utamukuta mahali kwa njia. Angalia muzuri kila kijiji."

Tonton alijifunga leso tumboni chini ya shati, akajaribu breki. Askari alimpa nusu ya mkate wake. Kisha tonton akaniambia, sasa kwa sauti yake ya kila siku: "Munglaise, kama koko haiko kule, mi narudi na kukuuzisha kwa mupiga kasia." Akaondoka kufuata reli, akisimama juu ya pedeli. Papa na mimi tukaukimbilia mtumbwi ule wa mwisho, tukavuka kurudi nyumbani.

Siku zilizofuata papa hakunisema wala hakunisifu. Tulikula pamoja, mto ukafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena. Alhamisi ilipofika alikwenda kusimama bandarini kutwa nzima, ingawa hapakuwa na kitu cha kuona kule ila maji. Mimi nilikaa na kamusi nikatafuta kuondoka kwa Kiingereza. Ukurasa mmoja kabla ya left nilikuta leave, ambayo ilikuwa kuondoka, kuacha, ruhusa na likizo, na kwa pembeni, kwa herufi ndogo sana, ilielezwa kwamba jana yake ni left. Ilikuwa imekaa pale muda wote. Ningefunua ukurasa mmoja tu.

Tonton alirudi Jumatano ya wiki iliyofuata, amekonda, amempakia mama kwenye karia. Mama alikuwa ameanguka na baiskeli iliyombeba, siku ya pili ya safari yake, akakaa katika kijiji kimoja cha kati na mguu uliovimba, akilia kwamba anakuja kutafuta dawa na hafiki. Tonton alimkuta Jumatano ile ya kwanza, akamwonyesha leso, akampita, akafika Ubundu Alhamisi jua likizama. Koko alikuwa kitandani katika nyumba ya masista. Kilikuwa kimebaki kidonge kimoja na nusu, kwa kuwa sista mmoja alianza kuvikata tangu Jumanne.

Koko mwenyewe alikuja baada ya mwezi, treni ilipopatikana. Safari hii sote tulivuka kumpokea, na mama akaenda akichechemea. Nyumbani alikaa uani juu ya mkeka, akameza kidonge chake kwa chai, akaomba maelezo kwa nini kila mtu ananicheka akisikia neno Lubunga. Papa alimsimulia yeye mwenyewe, tangu kiti kilichoanguka hadi mkate wa askari, na akasimulia vizuri kuliko ninavyosimulia mimi. Alipofika kwenye vile vidonge na swali langu, akasema tu, "Mutoto aliona," akaendelea.

"Lakini, koko," nikauliza, "kwa nini munganga aliandika yeye? Bamasista wanajua Swahili."

"Walikuwa kwa misa. Yule mutu wa baiskeli alikuwa na haraka." Koko aliweka kikombe chini. "Ule munganga ni mutu muzuri, lakini hana adabu. Mama yako alipotoka, alikuja kwa kitanda yangu akaniambia: lefti, lefti. Akaonyesha mulango. Kisha akanionyesha mimi: lefti. Akashika vidonge: lefti. Nikasema bon, hii njo salamu ya kwao. Alors mi namusalimia. Kila asubuhi akiingia, namwambia, 'Lefti, munganga!'"

"Na yeye?" tonton akauliza, mkono tayari mdomoni.

"Anageuka kuangalia ukuta ya kushoto," koko akasema kwa masikitiko. "Mwanaume muzima, na salamu hajue kujibu."